Nilivofeli aota, mbuzi wa Idi akanifundisha

Mwaka wa pili wa udaktari nilipata sapu, yani mtihani wa kurudia, ya anatomia. Nalisema mwanzo kabisa msije mkadhani huyu anaeandika alikuwa kichwa, sikuwa. Na sapu yenyewe haikuletwa na ubongo wala vile vineva vya usoni ambavyo kila mtu anaviogopa, ililetwa na mshipa mmoja tu mkubwa wa damu wa tumboni, aota, na matawi yake, kitu ambacho usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa nimeshakifunga na kulala mapema kwa raha zangu.

Vaiva, yani mtihani wa mdomo, ilikuwa hivi. Chumba kidogo, meza moja, na juu ya meza kiwiliwili cha plastiki kimefunguliwa mbele, utumbo umetolewa umewekwa pembeni. Mwalimu ana kalamu ya Bic mkononi. Akaniambia haya, nitajie matawi ya aota ya tumbo. Mie nikafurahi, mana hilo nimelihifadhi. Nikashusha bila kuvuta pumzi, freniki za chini mbili, shina la siliaki, suprarenali za kati, mesenterika ya juu, renali, gonadi, lamba jozi nne, mesenterika ya chini, sakrali ya kati, kisha inapasuka iliaka mbili. Akasema vizuri. Halafu akashusha ncha ya kalamu akaiweka mahala chini ya figo, kushoto kidogo, penye kijitundu cha plastiki, akauliza: "Huu ulovunjika hapa ni upi, na ulikuwa unakwenda wapi?"

Kimya. Nikaanza tena kimoyomoyo, freniki, siliaki, suprarenali...

"Usianzie juu," akasema. "Anzia hapa hapa."

Sisi tulosoma chuoni tangu wadogo tunaijua hii hali. Kuna yule mtoto anaesoma sura nzima kama maji, lakini maalim akimkata katikati akamwambia endelea kutoka hapa hawezi, mpaka arudi bismillahi. Mie ndo nilikuwa mtoto huyo, na chuoni nilikula bakora kwa hilo hilo, kumbe nimekua nalo mpaka chuo kikuu. Nikatoka mle chumbani miguu haina nguvu.

Jibu lilikuwa mesenterika ya chini. Inakwenda kulisha kipande cha mwisho cha utumbo mpana, ule unaoshuka ubavu wa kushoto mpaka karibu na mwisho wake. Na ukweli mwengine ni kwamba ile modeli ilivunjika hicho kijitawi kabla darasa letu halijafika, hakuna kati yetu aliewahi kukiona, na hakuna aliejali kutafuta nyengine, kwa hio mwaka mzima tulisomeshwa tundu. Sikitaji chuo, walimu wake wengine nawapenda mpaka leo.

Matokeo yalitoka wiki mbili kabla ya Idi Kubwa. Nikapanda boti na desa zangu, yani notsi za kusomea, ndani ya mkoba nikarudi Pemba, nyumbani Wete, na sikumwambia mtu habari za sapu. Bibi, namaanisha mama yake baba, alikuwa amekaa barazani anachambua mchele, nikamwamkia akaniitikia, akaniuliza saa hizi tunasomeshwa nini. Nikamwambia mishipa ya tumbo.

Akaacha ungo. "Mshipa? We mtoto wa kike unasomea mshipa? Si ugonjwa wa wanaume huo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wasiokuwa wa pwani labda hawajui, kwetu ukisema fulani ana mshipa watu hawafikirii damu, wanafikiria ngiri, au busha, na wanashusha sauti. Na si kosa la Bibi, neno lenyewe limebebeshwa mizigo mingi: ateri ni mshipa, vena ni mshipa, neva ni mshipa, kano ya nyuma ya goti ni mshipa, na ugonjwa wa kule chini nao ni mshipa. Nikamwambia siyo huo Bibi, ni mabomba ya damu. Akasema ahaa, akaendelea na mchele wake, lakini nilimuona hajaridhika.

Sasa ami yangu ndie anaechinja mtaani kwetu, siku ya Idi anaitwa nyumba hii na hii mpaka adhuhuri, na mbuzi wetu huwa wa mwisho. Mwaka ule tulikuwa na beberu mweusi, mkubwa, alietusumbua siku tatu kwa kula kanga kwenye kamba. Akachinjwa, akatundikwa kwenye tawi la mfenesi nyuma ya nyumba, akachunwa, na ami alipompasua mbele akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, halafu akasita akaniita.

"Daktari, njoo utie mkono hapa. Hapa ndo tumbo liliposhikwa."

Nikatia. Joto. Na kweli, zile kilo zote za matumbo, lile tumbo kubwa la kucheua na utumbo wote na maini na bandama, lote limening'inia kwenye shina moja nene kama kidole gumba changu, limeshikamana na uti wa mgongo kwa juu, na mengine ni ngozi nyembamba tu zinazochanika kwa kidole. Ami akasema ukilikata hili shina vizuri lote linakufuata mkononi, ukilikosea unapasua utumbo na mavi yanamwagikia nyama, basi siku nzima unalaumiwa. Yeye hajui siliaki wala mesenterika, lakini miaka 30 anakata pale pale.

Akakata. Tumbo likaja. Nikamwomba aniachie ule mzoga nusu saa. "Nusu saa? Watu wanangoja nyama." Nikamwambia ami nimefeli, ndo hivo, nimefeli hiki kitu hiki hapa. Akanitazama, akafuta kisu, akasema maini wanayo, waanze na maini.

Aota ilikuwa pale pale kwenye uti wa mgongo, nyeupe, imelala imebwerera mana damu imeshatoka yote shingoni. Niliifuta kwa kitambaa. Kwa shangazi kulikuwa na rangi ile nyekundu anayotilia ubuyu, nikaikoroga kwenye kikombe cha maji, nikavuta na bomba la sindano la 20, nikachomeka kwa juu pale aota inapotoka kwenye kiwambo cha kifua, nikabana kwa vidole nikasukuma.

Maji mekundu yakaruka mbele. Si kidogo, yaliruka yakanipiga kifuani, yametoka kwenye midomo miwili iliyokaribiana pale ami alipokata. Ile ndo siliaki na mesenterika ya juu, na ndo lile shina nililolishika. Nikazifunga kwa uzi, nikavuta tena, nikasukuma. Sasa maji yakaenda kwenye mafigo, unaona kabisa mshipa unafura ndani ya mafuta, mmoja kulia mmoja kushoto. Hapa lakini nilibabaika, mana figo la kushoto la mbuzi halipo kushoto, limening'inia huko katikati linaelemea kulia, nikadhani huyu beberu ana kilema. Baadae nikaja kusoma kwamba wanyama wanaocheua ndo hivo, lile tumbo kubwa limekaa kushoto likijaa linalisukuma figo upande wa pili. Nikasukuma tena, huku chini kabisa kakijito kadogo kakatoka mbele, peke yake, kembamba kama uzi wa cherehani ukilinganisha na wale wawili.

Kale kakijito ndo lile tundu la plastiki. Nilikashika na kucha. Nikasema nimekuona.

Na kwa nyuma je? Nilipomgeuza nikaona kwenye mnofu wa mgongo vitone vyekundu vinachomoza huku na huku, viwili viwili, kila pingili na jozi yake. Hizo ndo lamba. Binadamu ana jozi nne.

Hapo ndo kichwa kilifunguka, na si kwa sababu nilikuwa na akili zaidi ya wiki iliopita. Ni kwamba desa linayapanga matawi kutoka juu kwenda chini kama majina ya darasani, wakati aota yenyewe haikujipanga hivo, imejipanga kwa mahala inapopeleka. Inatoa mbele, inatoa ubavuni, inatoa nyuma. Mbele ni za njia ya chakula na hazina pacha, tatu tu. Ubavuni ni za viungo vya jozi, tezi za adrenali (ndo zile suprarenali), mafigo, na mapumbu au vifuko vya mayai ya uzazi. Nyuma ni za ukuta, mgongo na misuli yake, na zile freniki za chini zinazopanda kwenye kiwambo nazo nikazitia humo humo mana kiwambo ni ukuta pia. Kwisha. Ukinikata katikati sasa naendelea.

Zile tatu za mbele nazo zina sababu ya kuwa tatu. Mtoto akiwa bado kwenye tumbo la mama utumbo wake ni mpira mmoja ulionyooka, na mpira huo una vipande vitatu, cha mwanzo, cha kati na cha mwisho, kila kipande na ateri yake. Siliaki ndo ya kipande cha mwanzo, inatoka aota inapoingia tu tumboni, penye pingili ya T12 na L1 (T ni za kifuani, L za kiunoni, zinahesabiwa kutoka juu), nayo ni fupi sana, sentimita 1 au 2 imeshagawana watoto watatu, mmoja anakwenda tumbo la chakula, mmoja ini, mmoja bandama. Huyu wa bandama ana vituko vyake, hanyooki, anajisokota juu ya kongosho kama nyoka kakanyagwa. Mesenterika ya juu inatoka kama sentimita moja chini yake, L1, inachukua kuanzia katikati ya duodeni, yani mwanzo wa utumbo mwembamba, utumbo mwembamba wote uliobaki, kidole tumbo, mpaka theluthi mbili za ule utumbo mpana unaokatiza. Iliobaki ni ya mesenterika ya chini, inatoka L3. Na aota yenyewe kwa binadamu haifiki hata rula ya skuli ya sentimita 15, ni kama 13 hivi, upana kama 2, inaishia L4, chini kidogo ya kitovu.

Tuliporudi kwenye yule beberu, ami akawa kashaingiwa na hamu kuliko mie. Nilikuwa nafuata kamshipa kembamba kanakotoka kwenye aota karibu na mafigo kanashuka, kanashuka, kanapita kwenye nyonga, kanatokeza nje mpaka kwenye mapumbu ambayo ami alishayakata. Akaniuliza mbona kametokea mbali hivo, si bora kangetokea karibu. Nikamwambia mapumbu hayakuumbwa kule chini, yaliumbwa huku juu karibu na mafigo, halafu yakahama kabla ya kuzaliwa, na yalipohama yakaburura mshipa wao na neva zao. Ndo mana mtu mwenye jiwe la figo maumivu yanamshuka mpaka kule.

Ami akaweka kisu chini. "Basi ile siku mlonambia mie mshipa!"

Kisa chake ni hiki: miaka ya nyuma alilala siku mbili anajikunja, maumivu yanaanzia ubavuni yanaishia kwenye pumbu la kulia, na nyumba nzima, Bibi akiwa wa kwanza, ikasema ana mshipa anaona haya kusema, wakamchemshia mizizi. Siku ya tatu kakojoa jiwe. Na hakuna aliemwomba radhi. Mchana ule alilitangaza mbele ya pilau, kwa sauti, na Bibi akajifanya anatafuta chumvi.

Sapu nikaifanya mwezi uliofuata. Mtahini safari hii mama mmoja mtaratibu, hakuniuliza orodha kabisa. Akasema: mgonjwa utumbo wake mwembamba karibu wote umekosa damu, pamoja na kidole tumbo na utumbo mpana wa kulia, lakini tumbo la chakula zima na ini zima, pameziba wapi? Nikajibu mesenterika ya juu kabla hajamaliza. Akaniuliza renali ya kulia, ateri ya figo, inapita mbele au nyuma ya vena kava, ile vena kubwa inayorudisha damu moyoni, nikamwambia nyuma, mana vena kava imekaa kulia ya aota na ateri haina njia nyengine, na kwa kuwa safari ni ndefu zaidi basi renali ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto. Akaniuliza kama kila mtu ana renali moja kila upande, nikamwambia hapana, si chini ya robo ya watu wana ya ziada, na daktari wa kupandikiza figo lazima azihesabu kabla. Nikaona mambo yanakwenda, nikalegea.

Akasema haya malizia, aota inaishaje? Nikamwambia inatoa iliaka za nje, zile za kwenda miguuni, moja huku moja kule, kisha inasogea kidogo inatoa iliaka za ndani, kisha kinachobaki kinaendelea katikati.

Akavua miwani. "Bibie, huyo ni mtu au mnyama wa miguu minne?"

Loh. Nilikuwa namuelezea beberu. Binadamu aota inapasuka mara moja iliaka kuu mbili, na kila moja ndo inakuja kutoa ya nje na ya ndani. Mbuzi hana iliaka kuu. Nikamwambia ukweli, nikamsimulia mfenesi na rangi ya ubuyu na yote. Alicheka mpaka akajifuta macho, halafu akaniuliza kile kinachobaki katikati kwa mbuzi kinakwenda wapi. Nikamwambia mkiani. Na kwetu sisi? Nikamwambia kwetu ndo ile sakrali ya kati, nyembamba, inatoka nyuma ya pale aota inapopasuka, mana mkia hatuna. Nikatoka na C. Ile C naipenda kuliko A zangu zote, ambazo ni mbili.

Sasa mnisikilize, mana nikiishia hapo nitakuwa nimejisifu.

Miaka kadhaa mbele nikawa nafanya kazi, spitali siitaji, zamu ya usiku. Alfajiri akaletwa mzee mmoja, umri wa miaka 70 na kitu, mvuvi mstaafu, analia kwa maumivu ya tumbo yaliomshika ghafla kitovuni. Yule alikuwa analia kweli kweli, mzee mtu mzima anamwita mama yake. Kishatapika, kishaharisha mara moja. Nikamlaza nikamkanda tumbo, laini. Hakuna pagumu, hakuna pakukamata, nikibonyeza haongezi kulia na nikiachia haongezi kulia. Wanawe wakasema jana kala pweza. Nikaandika gesi, nikamchoma sindano ya maumivu, nikamtundikia dripu, nikaenda kwa mtoto mwenye degedege kitanda cha pili.

Saa mbili ya asubuhi bado analia. Saa nne choo chake kimekuja na damu. Daktari mkubwa alipofika hakugusa tumbo kwanza, alimshika mkono, akakaa kimya muda mrefu anasikiliza mapigo. Akaniita akaniwekea mkono wa mzee kwenye vidole vyangu. Yalikuwa hayana mpango, moja, mbili, kimya, tatu za haraka haraka, kimya. Akaniuliza taratibu kabisa bila ukali: "Damu ya utumbo mwembamba inatoka wapi?"

Mesenterika ya juu. Nilijibu papo hapo. Hata usingizini ningejibu.

"Na moyo kama huu ukitupa donge la damu, donge likashuka kwenye aota, litaingia tawi gani?"

Ndo hapo nilipotamani ardhi inimeze. Kwa sababu nilijua. Siliaki na renali zinachomoza kama zimesimama wima na aota, lakini mesenterika ya juu ikitoka tu inainama inashuka sambamba na aota, pembe yake nyembamba kama mkasi ulofunguliwa kidogo, kwa hio kinachoshuka na mkondo kinaingia mle kama mtu alieshika njia ya mteremko. Na utumbo ukikatiwa damu unauma kwanza, unauma vibaya sana, huku tumbo ukilishika ni laini, mana bado haujaoza. Kuwa gumu kunakuja baadae, wakati kunakuwa hakuna la kuokoa. Maumivu makubwa na tumbo laini, hio ndo alama yenyewe, na mie niliiona nikaiandika gesi.

Kuna njia za kuazimana damu, hilo nalo nalijua. Siliaki na mesenterika ya juu zinashikana mikono kuzunguka kichwa cha kongosho, na hio ya juu inashikana na ya chini kwa mshipa unaotambaa pembezoni mwa utumbo mpana. Mshipa ukiziba polepole kwa miaka, hizo njia zinapanuka na mtu anaishi, labda anakonda na anaogopa kula kwa kuwa kila akila tumbo linauma. Lakini kizibo cha ghafla hakingoji. Na hata kwenye hio mikono kuna sehemu dhaifu, kwenye kona ya utumbo mpana chini ya bandama, ndo nyumba ya mwisho kwenye laini ya maji, wenye kukaa nyumba za mwisho wananielewa, presha ikishuka wewe ndo wa kwanza kuona bomba linakohoa hewa.

Walimpeleka Unguja siku ile ile. Walipomfungua, utumbo ulikuwa mweusi, isipokuwa kipande kidogo cha mwanzo, mana donge mara nyingi halikwami mlangoni, linasogea sentimita chache likakwama baada ya matawi ya kwanza kutoka. Alifariki siku ya tatu. Utumbo hauvumilii zaidi ya kama saa sita hivi bila damu, na kati ya hizo mie nilizikalia nne na ushei. Wanawe walinishukuru, wakanambia umetusaidia sana daktari. Sikuwaambia kitu. Mpaka leo akiingia mtu mzima analia tumbo, kabla sijamwambia alale namshika mkono kwanza, na wauguzi wapya wanadhani ni adabu.

Mwaka jana Bibi akaniita kwa simu, sauti ya chini. Njoo, kuna kitu kinapumua tumboni mwangu. Nikenda. Amekonda sana siku hizi, chakula anakula kama kuku anadonoa. Akalala chali kwenye kitanda cha kamba akajifunika kanga, akasema tazama. Na kweli, juu kidogo ya kitovu kanga inaruka, inaruka, inaruka. Jirani mmoja alishamwambia ni chango, mwengine akasema ana mtu, yani jini, na kuna fundi wa Micheweni keshatajwa na bei yake.

Kwa mtu mwembamba aota unaiona hivo hivo kwa macho, haina mafuta ya kuifunika, ipo juu ya uti wa mgongo na ukuta wa tumbo upo vidole viwili juu yake. Lakini sikutaka kusema kwa kudhania, nilishajifunza. Nikaweka mikono miwili, vidole vya huku na vya huku, nikaufinya ule mdundo katikati. Unachotafuta ni kama vidole vinainuliwa juu tu au vinatanuliwa kila upande. Vikitanuliwa, aota imevimba, na ikishafika sentimita 3 tunahesabu imevimba, kwa wanaume ikifika 5.5 ndo wapasuaji wanakaa kitako, na wanaoongoza kuipata ni wanaume wazee wavuta sigara, na mahala pake pa kupenda ni chini ya renali. Einstein, yule yule wa fizikia, alikuwa nayo, mwaka 1948 daktari Rudolf Nissen alimfungua akaizungushia selofeni, karatasi ya plastiki kama ya kufungia zawadi, akaishi nayo miaka kama sita hivi mpaka ikapasuka Aprili 1955. Siku hizi wanatia mpira kwa ndani.

Vya Bibi vilipanda juu, vikashuka. Havikutanuka. Nikampeleka altrasaundi hata hivo, sentimita 1.8.

Tulipokuwa ndani ya gari tunarudi akaniuliza, "Kwa hio si mshipa?"

"Ni mshipa, Bibi. Lakini si ule mshipa."

Akafikiri kidogo. "Na kinaonekana kwa nini?"

"Kwa sababu umekonda. Ukinenepa hutokiona."

Tulipofika, kabla hata hajashuka vizuri, akamwita ami kwa sauti barazani, mtoto wako kasema dawa yangu ni mbuzi, na asiwe wa Idi, awe wa wiki hii.